Maji ndani ya kompoziti: namna ya kupima yanavyoingia, yanakokaa na yanachoharibu

Bamba la kompoziti, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini (plastiki inayoganda), likizamishwa majini halitoi dalili yoyote kwa wiki nyingi. Rangi ni ileile, ukiligonga linalia vilevile, na ukijaribu kulikunja kwa mikono hulioni likilegea. Wakati huohuo molekuli za maji zinajipenyeza ndani ya resini, na kinachozigundua ni mizani tu. Shida ni kwamba wengi hupima mara mbili, kabla na baada, kisha huandika asilimia moja kwenye ripoti na kufunga daftari. Asilimia hiyo peke yake ni taarifa nusu. Ongezeko la 0.9% linaweza kuwa maji yaliyotulia kati ya minyororo ya polima, ambayo yatatoka yote ukilikausha bamba. Linaweza pia kuwa maji yaliyojaa kwenye ufa ambao mwezi uliopita haukuwepo. Mizani haitofautishi hayo mawili. Kinachotofautisha ni umbo la mchirizo wa uzito kadiri muda unavyokwenda, na mwongozo huu ni wa namna ya kuupata mchirizo huo na kuusoma.

Kwanza, ni nani anayekunywa?

Nyuzi za kioo na za kaboni hazinywi maji ndani yake. Aramidi (nyuzi za aina ya Kevlar) hunywa asilimia kadhaa ya uzito wake. Nyuzi za mimea kama katani na juti hunywa zaidi, kwa sababu selulosi imejaa vikundi vya haidroksili vinavyovuta maji. Kwa hiyo kwenye kompoziti ya kioo au kaboni mnywaji ni resini, na maji yote yaliyoingia yatakuwa katika mojawapo ya sehemu tatu: ndani ya resini yenyewe, kwenye mpaka kati ya uzi na resini, au kwenye vitundu na nyufa.

Resini hazifanani. Epoksi tupu, isiyo na nyuzi, hushiba kati ya 1% na 7% ya uzito wake kutegemea kemia yake. Vinilesta huwa chini zaidi. Upande wa termoplastiki, yaani plastiki zinazoyeyuka zikipashwa, nailoni 6 ikizamishwa hufika karibu 9%, ilhali PEEK haifiki hata 1%. Ndani ya epoksi, maji hujishikiza kwa vifungo vya hidrojeni na kuilegeza minyororo, hivyo resini huvimba kidogo na jotoridi lake la kulainika, Tg, hushuka. Kanuni ya haraka inayotumiwa sana ni kwamba Tg ya epoksi hushuka takriban 20°C kwa kila 1% ya maji. Hiyo ni 1% ya uzito wa resini, si ya uzito wa bamba zima, na watu hukosea hapo mara nyingi sana.

Hatua ya 1: Amua swali

Je, unalinganisha resini mbili? Unataka kukadiria kipande kitachukua miaka mingapi kushiba? Au una kipande kilichoharibika na unatafuta sababu? Swali la kwanza linajibiwa kwa jotoridi moja. La pili linahitaji jotoridi mbili, afadhali tatu. La tatu linaanzia kwenye ukaushaji, kwani kipande kimekwisha kunywa tayari.

Hatua ya 2: Kata sampuli

Ukubwa unaofaa kwa kazi nyingi ni mraba wa milimita 50 kwa 50, unene uleule wa bamba unalolichunguza. Kata kwa msumeno wa almasi, kisha lainisha kingo kwa msasa mpaka usione nyuzi zilizochomoza. Kingo ni muhimu kwa sababu maji husafiri kwa urahisi zaidi kando ya uzi kuliko kuukata uzi kwa ubavu, na kila kingo uliyoikata imeacha maelfu ya ncha za nyuzi wazi. Sampuli nyembamba ndefu itakunywa haraka kupita kiasi na kukudanganya kuhusu bamba pana.

Wengine hupaka kingo epoksi au kuzifunika kwa karatasi ya alumini. Sipendekezi rangi wala epoksi, maana nazo hunywa maji na utakuwa unapima vitu viwili. Ni rahisi zaidi kuziacha kingo wazi na kufanya masahihisho kwenye hesabu, kama utakavyoona.

Andaa angalau sampuli tatu kwa kila hali. Pamoja nazo, mimina bamba dogo la resini tupu kutoka kwenye mchanganyiko uleule na uliive kwa ratiba ileile. Kipande hicho cha resini kitakuwa shahidi wako mkuu katika hatua ya 7, na ndicho kitu ambacho karibu kila mtu hukiruka.

Andika pia kiasi cha nyuzi na cha vitundu ikiwa unaweza kukipima. Kwa bamba la kioo, choma resini kwenye tanuri na upime kioo kilichobaki.

Hatua ya 3: Kausha mpaka uzito utulie

Usianze na sampuli uliyoitoa rafuni. Bamba lililokaa hewani tayari lina maji. Likaushe kwenye tanuri, au tanuri la ombwe ukiwa nalo, na upime kila siku mpaka uzito usishuke tena. Lipoeze ndani ya chombo kilichofungwa chenye jeli ya silika, vinginevyo litaanza kunywa likiwa mezani.

Jotoridi la kukaushia linataka busara. Epoksi iliyoivia kwenye joto la kawaida la chumba mara nyingi huwa na Tg ya nyuzijoto 50 hadi 60 hivi. Ukiikaushia kwenye 80°C hukaushi tu, unaendelea kuiivisha, na resini utakayoipima si ile iliyo kwenye kipande halisi. Poliesta ambayo haijaiva sawasawa nayo hutoa stireni (kiyeyusho kilichobaki ndani yake) ikipashwa, na uzito utaendelea kushuka ukidhani ni maji. Kama kipande halisi huivishwa tena kwa joto kabla ya kutumika, fanya hivyo kwanza kwa sampuli, ndipo ukaushe. Kama hakiivishwi, kausha polepole kwa jotoridi lililo chini ya Tg.

Uzito huu mkavu ndio msingi wa kila asilimia itakayofuata. Usiuharakishe.

Hatua ya 4: Chagua mazingira

Kuna jambo moja la kushika hapa: joto huamua kasi, unyevuanga huamua kiasi. Ukipandisha joto, bamba litashiba mapema, lakini kiwango cha kushiba hakitabadilika sana. Ukipandisha unyevuanga kutoka 50% hadi 85%, kiwango chenyewe kitapanda.

Kwa kipande kitakachokaa majini, zamisha kwenye maji. Kwa kipande kitakachokaa hewani, tumia unyevuanga uliodhibitiwa. Katika sekta ya ndege, hali iliyozoeleka ni 70°C na unyevuanga wa 85%. Usipokuwa na kabati la kudhibiti hewa, chukua chombo kinachofunga vizuri, weka chini yake maji yenye chumvi ya mezani kupita kiasi, hadi punje zibaki bila kuyeyuka, kisha ning'iniza sampuli juu yake bila kugusa maji. Hewa ndani yake hutulia karibu na 75%, na hubaki hapo hata joto likibadilika kwa kiasi kikubwa. Kloridi ya potasiamu hutoa takriban 84%, na kloridi ya magnesiamu karibu 33%. Ni njia ya bei nafuu na haiharibiki umeme ukikatika.

Usichemshe sampuli ili kuokoa muda, isipokuwa unapanga resini kwa makundi ya harakaharaka. Maji yanayochemka huleta nyufa na mmenyuko wa kemikali ambao kipande halisi kwenye 30°C huenda kisiuone kamwe. Kumbuka pia kwamba Tg inashuka kadiri maji yanavyoingia: jotoridi la majaribio lililokuwa salama siku ya kwanza linaweza kuwa juu ya Tg wiki ya nne.

Maji yenyewe ya aina gani? Maji ya chumvi huingia kidogo pungufu kuliko maji safi, kwa kuwa chumvi hupunguza msukumo wa maji kuingia. Ndiyo maana boti za poliesta zinazokaa kwenye maji yasiyo na chumvi ya ziwa au mto huota malengelenge mapema kuliko zinazokaa baharini, kinyume na wanavyotarajia wengi.

Hatua ya 5: Pima kwa ratiba ya kipeuo cha pili

Mwanzoni uzito huongezeka kwa uwiano na kipeuo cha pili cha muda, si muda wenyewe. Hiyo ni tabia ya msambao, yaani molekuli kusambaa zenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye chache, kama alivyoueleza Adolf Fick mwaka 1855, na mwaka 1976 Shen na Springer waliitumia kwa kompoziti kwa namna ambayo maabara zinaifuata hadi leo. Kwa hiyo panga vipimo kwa saa 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49 na kuendelea, ili nukta zilingane nafasi kwenye grafu. Baada ya wiki mbili, mara mbili kwa wiki inatosha. Baadaye mara moja.

Mizani isome hadi miligramu 0.1. Sampuli ya 50 × 50 × 2 mm ya kioo na epoksi ina uzito wa gramu 9.5 hivi. Ikishiba 0.9%, maji yote ni miligramu 85. Mizani inayosoma gramu 0.01 itakupa ngazi nane tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mchirizo wa ngazi nane hauna umbo.

Ukiitoa sampuli, ipoze kwa dakika chache kwenye maji ya joto la chumba, ifute kwa karatasi isiyoacha vumbi, pima, irudishe. Fanya kwa mpangilio uleule na kwa muda uleule kila mara. Mtu mmoja afanye kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono miwili tofauti hufuta tofauti, na hilo huonekana kwenye grafu.

Kushiba ni lini? Chukua kwamba bamba limeshiba pale vipimo viwili vinavyofuatana, vyenye nafasi ya siku saba kila kimoja, vitakapotofautiana kwa chini ya 0.02% ya uzito. Kwa bamba nene, refusha nafasi hiyo, maana kinachoonekana kama utulivu huwa ni uvivu tu wa unene.

Hatua ya 6: Chora, kisha hesabu

Chora asilimia ya maji kwenye mhimili wa wima na kipeuo cha pili cha saa kwenye mhimili wa mlalo. Usitumie saa zenyewe. Sehemu ya mwanzo, mpaka karibu 60% ya kiwango cha kushiba, inapaswa kuwa mstari ulionyooka. Chukua mteremko wake, m, na kiwango cha kushiba, M. Kasi ya msambao ni:

D = π × (h ÷ 4M)² × m²

ambapo h ni unene. Tuseme bamba la milimita 2 limeshiba kwa 0.9%, lilikuwa na 0.18% saa ya 9 na 0.43% saa ya 49. Vipeuo vya pili ni 3 na 7, hivyo m = 0.25 ÷ 4 = 0.0625. Ukiweka kwenye fomula, D ni takriban milimita za mraba 0.0038 kwa saa, sawa na 1.05 × 10⁻¹² m²/s.

Sasa masahihisho ya kingo: gawanya D kwa (1 + h/urefu + h/upana)². Kwa mraba wa milimita 50, hiyo ni 1.08 ikizidishwa kwa 1.08, yaani 1.17, na D inashuka hadi 0.0033 hivi. Masahihisho haya yanachukulia kwamba maji husafiri sawa pande zote, jambo ambalo si kweli kabisa kwa nyuzi zilizolala upande mmoja, lakini ni bora kuliko kuacha.

Muda wa kufikia 99% ya kushiba ni takriban 0.54 × h² ÷ D. Kwa bamba letu: 0.54 × 4 ÷ 0.0033, karibu saa 655, siku 27. Unene ukiwa milimita 10, zidisha kwa 25: karibu miaka miwili kwenye joto lilelile la majaribio. Unene unaingia kwa mraba wake, na hapo ndipo makadirio ya kichwani hupotea njia.

Kipande kinacholowa upande mmoja tu, kama ukuta wa tangi au ganda la boti, kichukulie kana kwamba kina unene maradufu. Muda wake huwa mara nne.

Hatua ya 7: Soma umbo, kisha muulize shahidi

Mchirizo unaopanda kwa mstari, kupinda na kutulia ni wa kawaida. Maji yanafuata msambao na hesabu ya juu inafaa. Mchirizo unaopinda lakini ukaendelea kupanda taratibu bila kutulia humaanisha mara nyingi kwamba polima inajipanga upya na kufungua nafasi, au sehemu ya maji imefungwa kwenye vikundi vya kemikali. Hili ni la kawaida kwenye epoksi na si hatari kwa lazima, ila usilazimishe kiwango cha kushiba ambacho hakipo.

Mchirizo uliotulia kisha ukaruka juu ni habari mbaya. Nyufa zimefunguka au mpaka kati ya nyuzi na resini umeachia. Na mchirizo unaoshuka wakati sampuli bado imo majini ni mbaya zaidi: kuna kitu kinayeyuka na kutoka. Kwenye poliesta ni dalili ya hidrolisisi, maji yakikata vifungo vya esta. Kwenye nyuzi za kioo, maji huvuta ioni za alkali kutoka kwenye kioo na kushambulia kiunganishi cha silani kinachokishikamanisha na resini.

Sasa mtazame shahidi, kile kipande cha resini tupu. Tuseme kimeshiba 3%, na resini ni 35% ya uzito wa bamba. Bamba linapaswa kushiba 3 × 0.35, yaani 1.05%. Likishiba karibu na hapo, maji yako ndani ya resini. Likishiba 1.5%, hiyo 0.45% ya ziada iko mahali pengine, na mtuhumiwa wa kwanza ni vitundu. Bamba la msongamano wa gramu 1.9 kwa sentimita ya ujazo lenye vitundu 1% kwa ujazo linaweza kuficha humo maji ya 0.53% ya uzito wake, zaidi ya nusu ya maji yote tuliyoyatarajia! Vitundu vikiwa vichache, basi angalia mpaka wa nyuzi kwa hadubini.

Hatua ya 8: Kausha tena

Rudisha sampuli zilizoshiba kwenye hali ya hatua ya 3 na ufuatilie uzito ukishuka. Ukirudi kwenye uzito mkavu wa mwanzo, maji yalikuja yakaondoka. Ukitua chini ya hapo, bamba limepoteza malighafi yake, na ile asilimia uliyoiona wakati wa kunywa ilikuwa pungufu ya maji halisi yaliyoingia. Ukitua juu, kuna maji yaliyofungwa kwa nguvu ambayo joto lile halikuweza kuyatoa.

Kisha zamisha tena kwa siku chache. Bamba lisiloharibika hunywa mara ya pili kwa kasi ileile. Likinywa kwa kasi zaidi, njia mpya zimefunguka.

Hatua ya 9: Pima nguvu panapostahili

Kuvuta bamba kwa mwelekeo wa nyuzi kutakupa matokeo mazuri yasiyo na maana, kwa kuwa mzigo unabebwa na nyuzi na nyuzi za kaboni hazijali maji. Pima pale ambapo resini inafanya kazi: mgandamizo, na mkato kati ya matabaka kwa jaribio la boriti fupi. Fanya yote mawili kukiwa na unyevu na joto la juu kabisa la matumizi, kwani unyevu na joto vikiungana huumiza kuliko kimoja kimoja. Pima pia Tg ya sampuli yenye maji, haraka, kabla haijakauka ndani ya mashine. Katika usanifu wa ndege kwa epoksi, joto la juu la matumizi huwekwa angalau 28°C chini ya Tg hiyo ya unyevu. Kwa kazi nyingine pia ni pengo zuri la kuanzia.

Kando kidogo: kama kipande ni cha kaboni na kimefungwa kwenye alumini, maji yatakula alumini kabla hayajaisumbua kompoziti. Weka tabaka la kioo katikati.

Kukausha kabla ya kutengeneza

Hapa ndipo takwimu zote hizi hulipa. Fundi anayetaka kubandika kiraka kwa joto kwenye bamba lililokaa nje miaka kadhaa anapasha maji yaliyomo pia. Kwenye 120°C mvuke wa maji una shinikizo la karibu angahewa mbili; kwenye 180°C ni karibu kumi. Shinikizo hilo likijikusanya ndani ya kitundu, matabaka hubanduka, na kwenye paneli zenye kiini cha matundu kama sega la nyuki ndani yake, ngozi inaweza kung'oka kabisa.

Vipima unyevu vya mkononi havikusaidii sana. Hutoa namba ya kulinganisha sehemu moja na nyingine, si asilimia, na kwenye kaboni havifanyi kazi kwa kuwa kaboni hupitisha umeme. Tumia D uliyoipata kwa joto utakalokaushia na unene halisi, kisha kadiria saa kwa fomula ileile ya 0.54 × h² ÷ D. Ukiwa unakausha kwa upande mmoja tu, zidisha kwa nne. Pandisha joto taratibu, kaa chini ya 80°C hivi, na weka kipande kidogo cha bamba lilelile lililoshiba kando ya kazi ili ukipime kila siku. Kipande hicho kisipopungua tena kwa vipimo viwili mfululizo, na makadirio ya saa yametimia, ndipo uwashe joto la kubandikia.